Suruali ya Kijivu ya Mzee Nabiswa

Mowlem, Nairobi
12 Januari 2025

Kwa Mama mpendwa,

Barua hii ikikupata umesimama, endelea na kazi yako. Hakuna aliyekufa. Mimi na Triza tuko wazima. Triza ameota meno ya nyuma na sasa anauma kila kitu, hata sabuni. Mwanao Patrobas bado yuko Turkana kwa kazi ya barabara, anapiga simu Jumapili akipanda kilima, mtandao ukikubali. Anakusalimu sana. Yule ng'ombe aliyekuwa na mimba amezaa? Na sikio lako la kushoto linaendeleaje?

Ningepiga simu, Mama, lakini unajua simu ya shemeji Simiyu lazima iwekwe sauti ya juu ndio usikie, na boma zima hukaa hapo kando kama wanasikiza taarifa ya habari. Haya ya leo si ya boma zima. Ndiyo maana nimeandika. Nitampa karani wa basi, akuachie pale steji ya Kimilili. Mwandiko wangu unisamehe, shule niliachia darasa la saba.

Baba alifika salama. Usiwe na wasiwasi kuhusu malazi. Najua baba mkwe halali nyumba ya mwanawe, na sisi chumba chetu ni kimoja. Opicho, yule mtu wa kwetu wa mlango wa tatu hapa kwa ploti, ni soja wa usiku kwa kiwanda, kwa hivyo usiku kitanda chake hakina mtu. Baba analala hapo. Opicho akirudi asubuhi, Baba anatoka, anakuja kuketi nje ya mlango wangu. Tunasalimiana kwa mbali vile inavyotakiwa. Miaka minne nimeolewa kwenu na sijawahi kushika mkono wake. Akitaka kitu anamwambia mtoto: "Triza, mwambie mama yako chai ilikuwa tamu." Triza anamwangalia tu, anauma kikombe.

Jumanne nilimpeleka zahanati. Alipotoka kwa daktari alisema, "Triza, mwambie mama yako ni henia ndogo ya kinena, hata haionekani vizuri. Nisibebe mizigo."

Lakini Mama, si ndogo. Asubuhi akitoka kwa Opicho anatembea kama mtu aliyebana yai katikati ya mapaja. Mkono hautoki mfukoni, kuna kitu anakishikilia. Uso umekonda. Huko nyumbani ilikuwaje? Kuna jambo daktari angefaa kulijua? Niambie mimi, nitajua la kufanya.

Ni mimi mtoto wako,
Nasike

*

Kimilili
27 Januari 2025

Mama Triza,

Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui karani aliiweka wapi. Huku tuko salama. Ng'ombe alizaa ndume. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia kengele ya kanisa peke yake. Mpe mtoto mwiko wa zamani aume, sabuni itamharisha.

Kuhusu Mzee. Mambo ya mwili wake ni yake. Niliingia boma hili nikiwa msichana, na niliyoyaona ndani ya nyumba yangu sikumwambia hata mama aliyenizaa. Usiniulize.

Nitakufundisha jambo moja tu, na ujumbe upite kwa Opicho, usipite kwa mdomo wako. Kabla ya kwenda mbele ya daktari, Mzee aende kwanza msalani. Asiharakishwe. Amalize kabisa. Halafu aoge na avae ile suruali ya kijivu niliyomshoneshea, ile pana. Asipelekwe mbele ya watu akiwa katika hali ya kumwaibisha. Hapa nyumbani tulifanya hivyo kila mara, na hakuna daktari aliyewahi kumcheka.

Nitunzie mume wangu.

Nafuna

*

Mowlem
22 Februari 2025

Mama mpendwa,

Ikikupata umesimama, endelea tu, lakini ukimaliza uketi. Triza ameharisha na amepona. Mwiko ameumaliza upande mmoja. Nimepata kazi ya kufua nguo kwa mama mmoja wa Umoja, na siku ambazo siendi kule naenda Gikomba kuchagua nguo za watoto, nauza hapa mlangoni. Kwa hivyo Baba simwachi peke yake sana.

Nilifanya ulivyosema. Opicho alipopewa ujumbe alicheka. "Shemeji, miaka yote nalinda mali ya Wahindi, leo nimekuwa mjumbe wa choo?" Lakini alimwambia, na Baba alielewa mara moja, kama mtu aliyekumbushwa sala.

Mama, hapa ploti yote tuna vyoo viwili na vinafungwa na kufuli. Ufunguo wetu unaning'inia kwa msumari nyuma ya mlango. Baba hawezi kuniomba. Anakohoa. Mimi nauweka juu ya kigoda, nasogea kando, anauchukua. Tumezoea hivyo. Lakini Kathini, jirani yangu anayeuza mayai ya kuchemsha, ameanza maneno. Juzi alisema mbele ya wamama wote waliokuwa wakifua: "Mama Triza, huyo mzee wako anaingia, anatoka, kabla sijavua viatu amerudi tena! Anatoa kwa awamu kama mfereji wetu!" Wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikabaki na nguo mkononi nikiwaza.

Wiki iliyopita Baba alipata homa, anatetemeka jua likiwaka. Tukarudi zahanati. Alienda kwanza choo, akaoga, akavaa ile ya kijivu. Daktari akambonyeza kinena, akasema haoni cha kutisha. Akauliza, "Mzee, kukojoa kuna shida yoyote?" Mimi nilikuwa mle ndani nimebeba Triza. Baba akaniangalia, akaangalia sakafu, akasema, "Hapana."

Wakatutuma kupiga picha ya tumbo, ile ya mashine ya kupaka mafuta baridi. Wakamwambia anywe maji mengi na asiende choo, kibofu kijae ndio kionekane. Alikunywa chupa nzima. Kisha nikamwona ameinuka polepole, akaingia choo cha hapo, akakaa huko mpaka watu wakagonga mlango. "Mzee, umelala?" Alipolala kwa mashine, yule msichana akakasirika: "Si nilikuambia usiende? Hapa hakuna kitu cha kuona." Wakatupatia dawa za homa tukarudi nyumbani.

Mama, nina swali la aibu na sina mwingine wa kumuuliza. Baba akienda haja ndogo, huwa anamaliza mara moja? Au inakoma, halafu inaanza tena?

Nijibu hata neno moja.

Nasike

*

Mowlem
12 Machi 2025

Mama,

Barua hii ikikupata umesimama, keti.

Sijapata jibu lako. Sijui kama barua ilipotea kwa basi au uliipokea. Nilipiga simu ya shemeji Simiyu. Alipoiweka sauti ya juu nikasikia watu, nikasikia kuku, nikasikia mtu akisema "ni bibi ya Patrobas." Nikasema tu, "Mwambieni Mama namsalimu." Nikakata.

Mimi ndiye ninayefua suruali zake. Kuna damu.

Tumeenda hospitali kubwa. Wamepima damu, wakasema figo zimeanza kuchoka na hawajui kwa nini. Wamesema henia yenyewe ifanyiwe upasuaji tarehe ishirini na saba, kwa sababu kinena kinamuuma sana sasa. Wakamuuliza tena kuhusu mkojo. Nilikuwa nimetoka nje makusudi, lakini mlango wao haufungi vizuri na Baba alijua niko pale. Akasema, "Hapana."

Nilimwambia Patrobas kwa simu. Alisema, "Hayo ni ya wanaume, Nasike. Ngojea nije Aprili." Aprili ni mbali. Baba amebaki shingo tu. Chai haimalizi tena, na hamtumi Triza aniambie chochote.

Naogopa, Mama. Kuna kitu wanaenda kukata na hawakijui. Siwezi kukuambia nimejuaje. Naogopa tu.

Nasike

*

Kimilili
16 Machi 2025

Mama Triza,

Huku mvua imeanza na tumepanda. Ndume amekua. Simiyu ameniambia ulipiga simu na hukusema neno.

Swali lako la Februari nimelisoma mara moja na sitalisoma tena. Mke wa mwana haulizi hivyo. Mzee aliniapisha, na mimi si mwanamke wa kuapa halafu nikaandika kwa karatasi ya kupita mikononi mwa makarani wa mabasi.

Fanya kama nilivyokufundisha. Aende kwanza, amalize, aoge.

Karatasi imelowa hapa chini. Ni mvua.

Nafuna

*

Mowlem
30 Machi 2025

Mama,

Keti. Baba yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukipumua.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita, siku moja kabla ya upasuaji. Nilisoma pale uliposema "aende kwanza", nikaketi kitandani, Triza akanivuta nywele na sikusikia. Kwa sababu ni hapo nilipoona. Mama, kila daktari aliyemwangalia Baba alimwangalia akiwa ametoka choo. Kila mmoja.

Nitaandika yale ambayo sikufaa kuyaona. Asubuhi akitoka kwa Opicho, suruali imejaa mbele, ile pana yenyewe inabana. Akitoka choo mara ya pili, suruali inaning'inia kama iko kwa kamba. Na nilishayasikia. Mabati ya choo ni membamba na mimi nafulia pale karibu. Inatoka, inakoma. Anagumia. Kimya. Halafu inatoka tena, nyingi kuliko ya kwanza. Henia ya utumbo ina uhusiano gani na choo? Sikusoma, lakini hilo nilijiuliza.

Asubuhi ya upasuaji alikuja, akakohoa. Sikuweka ufunguo kwa kigoda. Nilikuwa nimeuficha kifuani. Akakohoa tena. Akasema, "Triza, mwambie mama yako naomba ufunguo."

Mama, sikumjibu kupitia kwa mtoto. Nilimwangalia usoni nikasema, "Baba, leo hapana. Twende hivyo hivyo."

Kathini alikuwa anapanga mayai. "Woi! Mama Triza, unamnyima mzee choo? Hata mbuzi hanyimwi!" Watu wakatoka milangoni. Opicho alikuwa ndio anafika na yunifomu yake, akasimama mdomo wazi.  Baba alishika ukuta, jasho likimtoka, akatembea mpaka kwa gari la kukodi. Nilimfuata nikilia na Triza mgongoni.

Kule hospitali, kando ya benchi tuliloambiwa tungojee, kuna choo. Aliinuka. Nikamtangulia. Niliketi chini, mgongo kwa ule mlango, mtoto mapajani, mbele ya watu wote. Mzee mzima akasimama mbele yangu anatetemeka, na mimi nasema, "Nisamehe Baba, nisamehe Baba," na sitoki. Mwanamke mmoja akaniita shetani. Sikutoka.

Ndipo daktari wa upasuaji akaja kumwangalia mara ya mwisho. Anaitwa Daktari Hirad, mtu mpole, sauti ya chini. Akauliza lile swali lao. Baba akasema, "Hapana." Mimi nikasema, "Daktari, mwangalie sasa hivi kabla hajaenda. Halafu mwache aende, umwangalie tena. Inakoma katikati, halafu inaanza upya. Huwa nasikia."

 Daktari akafunua shuka. Mimi niligeuka, lakini nilimsikia akivuta pumzi. Akamuuliza polepole, kama mwana anavyomuuliza babake: "Mzee, ile ya kwanza ikikoma, unainua kwa mkono, unabonyeza, ndipo ya pili inatoka?"

Baba alikuwa amegeukia ukuta.  Kisha kichwa chake kikasema ndiyo.

Daktari akafunga pazia, akampa chupa. Walipofungua pazia uvimbe ulikuwa umenywea. Akasema upasuaji wa siku hiyo usimame. Walimwekea mpira wa mkojo, wakapitisha dawa kwa huo mpira mpaka kwa kibofu, wakapiga picha. Daktari aliniita nione. Kibofu cha Baba kimeteleza, Mama. Kimepita mahali palipolegea kwa kinena, kikashuka mpaka kule chini kwenye mfuko wa uanaume. Nusu iko juu, nusu iko chini, kama chupa iliyobanwa kiuno. Ndiyo maana anamaliza mara mbili. Na tezi ya wanaume wazee imevimba, imeziba njia, kwa hivyo miaka yote alikuwa anasukuma kwa nguvu na kibofu kikazidi kushuka. Mkojo unaobaki ndio unaomletea homa, na ndio unaorudi juu kuumiza figo.

Nilimuuliza, mngepasua leo ingekuwaje? Akasema, "Tungetafuta utumbo. Mara nyingi ni utumbo. Kisu kingeweza kufungua kibofu tukidhani ni ngozi ya henia." Halafu akasema, "Mama, nimekuwa nikiwauliza wazee hilo swali miaka mingi, na wote wananiambia hapana."

Sasa amelazwa. Mpira utakaa mpaka figo zipumzike, ndipo wampasue.

Lakini hali chakula changu. Nikiingia anageukia ukuta. Opicho alimwambia Patrobas yote kwa simu, na Patrobas akanipigia akasema, "Umemvua baba yangu nguo mbele ya watu." Akakata. Leo ni Jumapili na hajapiga.

Sijui nitakaa wapi baada ya haya. Lakini ningefanya tena.

Nasike

*

Kimilili
10 Aprili 2025

Mama Triza,

Barua yako nimeisoma shambani, nikaichoma hapo hapo. Maneno kama yale hayawekwi sandukuni.

Ulilolifanya halina jina kwetu. Nimelitafutia, sijalipata. Kwa hivyo leo sina la kukuambia.

Nieleze tu anakula nini, kama si chakula chako. Uji wa wimbi hakatai, ukiwa mwepesi na usiwe na sukari. Mpe Opicho apeleke, aseme amepika yeye.

Nafuna

*

Mowlem
18 Mei 2025

Mama,

Endelea na kazi yako. Hakuna aliyekufa.

Uji uliingia. Opicho alisema amepika yeye, na Baba akamwambia, "Opicho, wewe hata chai huwezi," lakini akamaliza kikombe. Kesho yake akamaliza viwili.

Figo zilirudi kiasi cha kumridhisha daktari, na wiki iliyopita wakampasua. Opicho alitoka kazini akaja kungoja nami, akalala kwenye benchi na kofia usoni. Patrobas alikuwa amefika. Aliketi mwisho kabisa wa benchi. Nilingoja nikiwa nimemfunga Triza kifuani, ninamnusa tu kichwa, kwa sababu kuomba nilikuwa nimeshaomba maneno yakaisha.

Daktari Hirad alitoka akavua kofia. Kibofu kimerudishwa mahali pake, hakikuchanika hata kidogo. Pale palipolegea wamepashona na kuweka wavu, usiruhusu kitu kushuka tena. Ile tezi watamtibu kwa vidonge, asiache kumeza hata akijisikia mzima. Patrobas aliinama akaficha uso. Kisha akasogea, akaketi karibu nami.  Alimchukua Triza, akampakata mpaka akalala.

Jana walitoa mpira. Baba akaenda choo mwenyewe. Nilikuwa kwenye korido, na nilipoona mlango unafungwa niliziba masikio kwa vidole. Yale niliyoyasikia yametosha. Lakini nesi alikuja akicheka: "Mara moja tu, Mama! Na amerudi!"

Patrobas anamleta kwa basi la Jumamosi. Mimi sijaambiwa nije wala nisije. Tangu siku ya ufunguo Baba hajaniambia neno, hata kupitia kwa Triza. Nimempakia nguo zake. Suruali ya kijivu nimeifua mara mbili, ile damu imetoka.

Mkiamua nirudi kwetu, niambieni kwa barua, si kwa ile simu. Nitaelewa. Ila Triza mniachie mpaka aache kunyonya.

Nasike

*

Kimilili
8 Juni 2025

Mwanangu Nasike,

Nimeketi, na wewe uketi.

Mahindi yamefika magotini. Ndume tumempa jina la Hirad, Mzee ndiye aliyesema, na Simiyu anauliza kila mtu ni jina la wapi. Usimwambie.

Mzee amefika. Jioni ya kwanza watu walijaa nyumbani kumwona. Katikati ya mazungumzo akainuka, akatoka nje. Mimi nilikuwa namimina chai, na kwa mazoea nikaanza kumngoja. Miaka mingi nimekuwa nikimngoja hivyo, nikiongea na wageni ili wasione amekawia. Nikajaza kikombe cha kwanza. Kabla sijafika cha pili alikuwa ameshaketi mahali pake. Chai ikamwagika mezani. Akaniangalia, nikamwangalia. Hakuna aliyejua tunaangaliana nini.

Ile suruali ya kijivu nimempelekea fundi. Nimemwambia aipunguze, ni pana bure.

Sasa sikiza. Wageni walipoondoka nilimuuliza, huyu mke wa Patrobas tumfanyeje? Nilimuuliza kwa sauti, unajua siwezi kunong'ona. Moto uliposhuka alinisogelea sikio la kulia. Halafu akasema: "Mkwe hawezi kusikia yale. Mkwe hawezi kuketi mlangoni akanizuia huku analia. Mimi pale sikuona mkwe."

Nikamuuliza, uliona nani?

Akasema, "Mwandikie. Disemba akija, asisimame kule mbali. Aje mpaka hapa nilipoketi, anisalimie kwa mkono."

Kwa mkono, Nasike. Mpake Triza mafuta mazuri, na uje.

Mama yako,
Nafuna